Kichwa cha Bibi Zaituni

Mke mwenzangu Mwajuma,

Marahaba. Huku Kisarawe tu wazima, mihogo imekubali. Mama yako anaandika, mimi nasema.

Eti unataka kuacha mafunzo ya utafiti wa ubongo kwa sababu wenzako ni watoto wa wasomi? Acha upuuzi!

Enzi za usichana wetu, dada yangu Zaituni akianguka kifafa watu walikimbia, wakisema povu linaambukiza. Mimi nilibaki, kichwa chake mapajani. Siku moja alizinduka akaniuliza, "Humu ndani mna nini?" Nikawauliza wakubwa. Wao walijua kutaja mashetani tu.

Jana nimemwambia Zaituni kwamba mjukuu wetu anataka kuacha kusomea vichwa. Akanikazia macho: "Asithubutu! Mwambie aanze na changu."

Umesikia? Nakupenda mpaka kero.

Bibi yako