Saa Moja ya Gharib

Mama Gharib,

Ukirudi kutoka kwa dada yako, usilie tena, soma kwanza. Simu ya maandishi ya mwanetu ilisema atafika "saa 1", nami nikaenda uwanja wa ndege alfajiri. Ndege haikuja, nikakurudia na ile khofu iliyokutoa nyumbani ukilia. Niwie radhi.

Ulipotoka nilipiga hesabu. Kisumu hadi hapa ni maili mia nne na thelathini, mwendo wa saa nne angani. Ili afike saa moja asubuhi, angeruka saa tisa usiku, na ndege ile hairuki gizani. Ofisi za Kisumu zimemzoesha saa za Kizungu: alikusudia saa saba mchana. Utasema, "Bwana amesoma hadi Kairo, saa hajui kuisoma!" Sema, nimestahili.

Lakini sasa ni saa tano, maana yake yumo angani. Khofu ya asubuhi ilikuwa bure. Hii ndiyo ya kweli. Narudi uwanjani.

Samaki umfunike, paka yumo ndani. ~~Usipike mpaka nirudi.~~ Pika wali wa watu watatu, tafadhali. Sitaweza kuingia nikakuta sahani mbili.

Babake Gharib