Hukuonja Pombe, Mama

Mama,

Walitaka kukuzika na uongo, nikakataa. Shangazi Kwamboka ndiye aliyeandika wasifu wako, na alipofika kwenye kifo akaandika ile yao ya kila mazishi: "aliugua kwa muda mfupi." Eti aibu. Suneka nzima inaamini ini ni ugonjwa wa walevi. Wewe, uliyekataa hata maandazi ya jirani kwa kuhofia yameumuliwa kwa pombe ya busaa!

Nilipopewa nisome, niliiruka hiyo sentensi. Nikasema mbele ya mchungaji na jeneza lako, "Mama ameuawa na ini, na pombe hajawahi kuonja." Watu wakainamisha vichwa. Sijutii hata kidogo.

Tangu uende nimemsumbua daktari mpaka akanieleza nikaelewa. Unakumbuka ulivyokuwa ukijipigapiga tumbo baada ya obokima, ugali wetu, ukisema, "Hii ni akiba yangu, njaa ikija itanikuta tayari"? Tulicheka sote. Kumbe akiba hiyo hailali. Mafuta ya tumboni hutoa homoni zinazosafiri kwenye damu. Iko moja, adiponektini, inayolisaidia ini kuchoma mafuta yake na kulikinga lisivimbe. Tumbo likizidi kunenepa, hiyo hupungua. Leptini, ya kuuambia ubongo umeshiba, nayo huzidi mpaka ubongo hauisikilizi tena. Mafuta yakajaa kwenye ini lako kimya kimya, likapata makovu. Hukuwa mlafi, Mama, wala mlevi. Nakasirika nikikumbuka ulivyokuwa ukinong'ona kila ulipotaja ugonjwa wako.

Nami nimepimwa. Ini langu limeanza kuwa na mafuta, ila daktari anasema bado linaweza kupona. Siku hizi natembea kwa miguu mpaka sokoni, chai nanywa bila sukari, na nikiongezewa obokima nasema hapana. Kwetu hayo ni matusi, najua. Wanasema nimekonda kwa majonzi. Waseme.

Sabato iliyopita Shangazi alinivuta kando nje ya kanisa, mkono tumboni. "Hiyo kitu ya mama yako, hata mimi naeza kuwa nayo?" Nilitaka kumwambia basi naye augue kwa muda mfupi. Nikamwambia ajiandae, Jumatatu nampeleka kupimwa.

Lala salama, Mama. Nakuahidi Shangazi hatakufa kwa aibu, wala mimi. Na popote watakapolitaja ini lako kwa kunong'ona, mimi nitalitaja kwa sauti.

Binti yako,
Moraa