Bakuli la Chai Lililojaa

Dada Oydin,

Hatujambo hapa Margilan. Mforosadi wa uani umezaa mno mwaka huu, na mama mkwe kutwa anagombana na shomoro.

Kwenye simu nilikwambia sioki mkate kwa sababu tanuri limepasuka. Nilikudanganya. Tanuri ni zima. Ni mimi niliyekuwa siamki kitandani tangu tumzike mtoto.

Nesi akamleta Shoira, mshauri nasaha wa zahanati. Mama mkwe akanuna. "Umwambie mgeni mambo ya ndani ili iweje? Sisi wa zamani tulimwambia nani?" Akammiminia chai mpaka bakuli likajaa pomoni. Unajua mwenyewe, kwetu ukijaziwa bakuli umeambiwa unywe uende zako. Shoira akainywa yote taratibu, kisha akamnyooshea bakuli tupu.

"Chai yako tamu, mama. Niongezee."

Halafu akaniuliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Humu ndani hakuna aliyelitaja jina lile tangu mazishi. Nikasema, Behzod, nikalia mpaka nikachoka. Hakuninyamazisha.

Amekuja Alhamisi tano sasa. Sijapona, ila ninaamka, na juzi nimeoka mikate miwili, mmoja ukaungua.

Jana mama mkwe alimmiminia Shoira chai kidogo tu, ya kufunika kitako cha bakuli. Akajimiminia na yeye kidogo vilevile, akaketi.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nilizika wawili. Nianzie wapi?"

Mdogo wako,
Zulhumor