Bodi Niliyoibandika Karatasi ya Kijani Bila Kuipima

Mpendwa mshauri, sina mwingine wa kumweleza haya, naomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu. Mimi na mume wangu tuna karakana ndogo nyuma ya nyumba, tunatengeneza bodi za saketi za pinboli, zile mashine za zamani zenye miguu minne na kioo juu, unabonyeza vitufe ubavuni kupiga gololi ya chuma na taa zinawaka, na tangu tuanze tuna sheria moja, yeye anachomelea vipuri na mimi napima, hakuna bodi inayotoka mpaka ipite kwenye meza yangu niibandike karatasi ya kijani, na wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Sasa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi cherehani, ana pinboli aliyoachiwa na marehemu mume wake na anataka kuiweka kwenye chumba cha kusubiria ili watoto wa wateja wacheze wakati mama zao wanapimwa nguo, tukaenda kuitoa bodi, mume wangu akaitengeneza, nikaipima wifi akiwa amekaa palepale, nikakuta transista moja bado imeungua. Nikueleze ubaya wake, mashine ina koili zinazovuta vile vikono vya kupiga gololi, koili inatakiwa ivute na kuachia, lakini transista ikiungua koili inavuta na haiachii, inapata moto mpaka inatoa moshi, ndiyo maana mezani naweka balbu mahali pa koili, balbu ikiwaka na kuzima ni nzuri, ikibaki inawaka ni mbaya, na siku hiyo ilibaki inawaka. Nikasema. Nikatafuta transista mpya, nikaitia alama ya rangi nyeupe, nikampa. Mume wangu akamgeukia dada yake akasema, "Dada, huyu kazi yake ni kunisaka makosa, hata nikilala ananipima pumzi." Wifi alicheka mpaka akafuta machozi, "Pole kaka yangu, ulitafuta mke ukapata mkaguzi!" Na mimi nilicheka, mshauri, lakini iliniuma vibaya mno.

Kesho yake nikaikuta bodi kwenye rafu yangu, hakuniambia kama transista ameibadilisha na mimi sikuuliza, nikajiambia kama kazi yangu ni kusaka makosa basi leo sisaki, nikaibandika karatasi ya kijani bila kuigusisha waya hata mmoja. Alipoiona akatabasamu, "Umeona mama? Ukipunguza ubishi kazi inakwenda." Wifi akaja akaichukua, na fundi umeme wake akairudisha ndani ya mashine.

Jumatatu nafagia chini ya meza ya mume wangu, naikuta ile transista yenye alama nyeupe, mpya kabisa, hata miguu yake haijakatwa. Labda alitumia nyingine kutoka kwenye kopo la vipuri, sijui, na siwezi kumuuliza kwa sababu atasema si uliipima wewe, tena nakumbuka tulipokwenda kuitoa ile bodi niliona mahali pa fyuzi fundi fulani wa zamani ameweka kipande cha waya, kwa hiyo hakuna cha kukata umeme, na mashine yenyewe imeegemea rafu za vitambaa. Soketi ya chumba kile inarekebishwa, wifi anakifungua Jumamosi. Nimewaza niende kama mgeni, nichomoe kitu kimoja kwa siri isiwake, bodi irudi kwetu niishughulikie kimyakimya, maana nikisema ukweli wifi atanicheka mpaka uzeeni na mume wangu hataniamini tena, na ile karatasi ya kijani ndiyo heshima yangu yote katika nyumba hii. Nifanye nini? Barua nimeileta kwa mkono, namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Mpimaji

*

Mpimaji,

Kudharauliwa mbele ya mawifi kunauma, na mumeo nitamfikia. Lakini mama, hatari ya koili unaijua kuliko ofisi hii nzima, halafu unakaa chini kumwandikia mtu ambaye transista hajawahi kuishika! Wengi wananiandikia kwa sababu hawajui la kufanya. Wewe ulijua tangu ulipoinama na ufagio.

Wasomaji wajue kilichofuata. Bahasha niliifungua Jumatano asubuhi na sikuimaliza barua kabla ya kupiga simu. Ukapokea, ukaniambia bado unafikiria. Unafikiria nini? Nikakuamuru usikate, uchukue simu ya karakana umpigie wifi yako nikisikia. Sauti yake ilikuja imechangamka kweli: "Wifi! Soketi imepona, nimeiwasha sasa hivi, taa zinapendeza! Ila ina kijiharufu, nadhani ni vumbi."

Ulipiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. "Chomoa! Chomoa sasa hivi!" Tukasikia kiti kinaanguka, kisha akarudi anahema. Alikuwa amechomoa, na moshi ulishaanza kutanda chini ya kioo. Akauliza, "Kwani kuna nini, wifi?" Mimi huku nimeshika ukingo wa meza, nangoja useme.

Ukasema, "Umeme wa leo si mzuri. Unapanda na kushuka. Ngoja utulie."

Kisha ukanikatia. Nimekupigia mara sita, hupokei, na namba ya wifi yako sina. Unaelewa ulichomwambia? Umemwambia mashine ni nzima, angoje umeme tu. Na atachomeka tena, kwa sababu bodi ile ina karatasi yako na anakuamini, pamoja na vicheko vyake vyote.

Kama ulitaka kumkomoa mume, ungemnunia. Ungeiacha bodi rafuni ikae bila karatasi yoyote. Hilo ni haki yako kabisa. Kuandika kwamba umepima wakati hukupima ni uongo, na wa kuungua hakuwa mumeo.

Basi nenda dukani kwa wifi yako leo, kwa miguu yako, na useme hivi: "Bodi sikuipima. Niliibandika kwa hasira." Ishia hapo. Habari ya kukucheka ina siku yake. Itoe bodi, ule waya wa fyuzi utolewe, urudi nyumbani uipime mume wako akiwa amesimama hapo. Kosa lake litaonekana kwenye balbu, lako ulitaje mwenyewe kwa mdomo wako. Atakasirika. Acha akasirike.

Na wewe bwana, kama gazeti limekufikia: transista uliyopewa mkononi imelala chini ya meza yako, na unayemwita msaka makosa ndiye aliyekuwa akikulinda wewe na wateja wako. Mwombe radhi, tena mbele ya dada yako huyohuyo mliyecheka naye.

Gazeti hili linatoka leo Ijumaa, chumba cha watoto kinafunguliwa kesho. Jina lako nimelificha, Mpimaji, ila hatari yako siwezi kuificha. Kwa hiyo neno la mwisho ni la mwingine. Dada fundi cherehani, wewe uliyetengenezewa pinboli na kaka yako, uliyechomoa waya juzi kwa sababu ya harufu: umeme wako hauna tatizo lolote. Usiichomeke.