Kobaye Aliyebaki

Jumamosi, Kabambare. Mvua imenyesha tangu alfajiri, barabara ni matope tupu, na mimi nimeshinda ndani na kobaye asiyetaka kula.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Kasongo, nimeletwa kufundisha huku mwaka huu wa masomo. Ninakaa peke yangu. Nilipofika, jirani yangu Mama Sifa aliniletea kobaye wawili majike ndani ya kapu, vinyama vinene vya jamii ya panya, visivyo na mkia, ili mgeni asikose mboga. Huku ndivyo wanavyokaribisha mutu.

Sikuwala. Niliwapa majina, Faida na Neema, na Mama Sifa akacheka mpaka akashika ukuta. Kobaye kupewa jina!

Hapa kila mutu anawafuga chini jikoni, wanakimbia kandokando ya mafiga wakitafuna maganda. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikawatengenezea nyumba kwa kasha la sabuni, nikatandika nyasi kavu, nikaacha kona moja yenye giza wapate kujificha, maana ni waoga kupita kiasi. Mengine nilijifunza kwa makosa. Majani yenye umande yanawaharisha, kwa hiyo matembele nayaanika kwanza kidogo. Kumshika ni kwa mikono miwili, mmoja chini ya matako, si kumning'iniza. Kasha linakaa juu ya matofali, na mlango nafunga kwa ajili ya paka. Nyasi zibadilishwe kabla hazijanuka. Wiki ya kwanza nilisahau, na nyumba nzima ikanikumbusha.

Nikirudi kutoka shuleni, wakisikia mlango tu, wote wawili walikuwa wanapiga miluzi. Hakuna mwingine Kabambare aliyefurahi hivyo nikiingia.

Halafu malaria ikaniangusha. Mama Sifa ndiye aliyeniogesha, akaninywesha dawa, akanipikia. Siku nilipoweza kukaa kitako akaniletea bakuli la mchuzi wa moto, wenye nyanya na pilipili kidogo. Niliumaliza wote. Nikamwambia, "Mama, mchuzi huu ni mtamu sana."

Akafurahi. "Nilichagua ile munene, mwalimu. Mugonjwa anataka nyama, hapana majani."

Alikuwa Faida.

Nilimshukuru. Huwezi kumkasirikia mutu aliyekutoa kaburini kwa mikono yake. Alipotoka ndipo nikalia, mutu mzima, kumlilia mnyama ambaye kwetu Kasongo tunamla tangu utoto. Nadhani nilikuwa najililia mwenyewe pia.

Tangu hapo Neema hali. Amejikunja kwenye kona, manyoya yamesimama. Nimempa matembele, majani ya mahindi, maganda ya ndizi. Nimemwongelesha hata kwa Kizimba, lugha ya mama yangu. Wapi! Leo mchana Mama Sifa amechungulia, akasema bila kuzunguka, "Kobaye moja haiishi, mwalimu. Iko inakufa na huzuni tu. Uirudishe kwa wenzake."

Nilielewa maana yake. Jikoni kwake kuna wenzake, na jikoni kwake kuna sufuria. Nimebishana na moyo wangu mpaka mvua ikapungua. Lakini kumbakiza humu ni kumfuga kwa ajili ya upweke wangu, na yeye ndiye anayekonda. Kweli hiyo imeniuma.

Jioni nimempeleka, nimemfunika kwa kitenge. Nilipomweka chini alisimama kidogo. Wenzake wakaja kumnusa, akajipenyeza katikati yao, kisha akavuta jani la matembele na kuanza kutafuna. Eh, Mungu wangu! Nilibaki nikimtazama kama mjinga.

Mama Sifa alikuwa anasonga bukari. Alisukuma kigoda kwa mguu kukielekeza kwangu, akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula, mama, aksanti," nikajibu. Nikarudi kwangu haraka.

Nilidanganya. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, nyumba iko kimya, na harufu ya sombe yake, yale majani ya muhogo, inanifikia hapa ninapoandika. Sijui ni aibu gani hii niliyotoka nayo Kasongo, ya kuogopa kuonekana ninahitaji watu.

Kesho jioni nitaenda kumwangalia Neema. Mama Sifa akiniuliza tena kama nimekula, nitasema hapana.