Kofia Iliyosimama Kati ya Grâce na Achille

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Durban. Ijumaa, tarehe 12 Machi 1999. Yametolewa kwa Kiswahili mbele ya Sajenti, kupitia mkalimani.

Mimi ni Athanase Mushagalusa, miaka yangu sabini na nne. Nimezika wake wawili, nimewashinda Wabelgiji, malaria na vita vitatu, na nchi yangu imebadilishwa jina mara tatu mimi nikiwa na jina hili hili. Naishi mtaa wa Overport, chumba kimoja na mpwa wangu Honoré, mtoto wa dada yangu. Kazi yangu ni kulinda magari ya wateja pale madukani. Tangu nianze hakijaibwa hata kioo kimoja. Waulizeni. Sikusoma sana, lakini kichwa changu hakisahau, kwa hiyo mkalimani aandike kama ninavyosema.

Polisi wanasema Grâce ni mke wa mtu mwingine, na kwamba amedanganya ili akae hapa kama mke wa Honoré. Yuko mahabusu, na Jumatatu mnataka kumrudisha mpakani. Grâce ni mke halali wa Honoré. Kwenye ndoa yao nilikuwepo, ingawa ilifungwa kwetu Bukavu na mimi nilikuwa Durban.

Mnamo tarehe 13 Juni 1998, Jumamosi asubuhi, nilikuwa na Honoré katika duka la simu la Sultan, Mtanzania, pale Warwick. Honoré ni mkimbizi, hakuweza kurudi kuoa. Kwetu sheria inakubali mwenye sababu kubwa aoe kwa mwakilishi, hakimu akiruhusu, na hakimu aliruhusu. Aliyesimama mahali pake kule komine, ofisi ya serikali ya mtaa, ni mdogo wake, Achille. Mfanyabiashara mmoja wa ukoo wetu alipeleka simu yake ya mkononi kule ili tusikie. Sheria haikudai simu. Niliyeidai ni mimi.

Ofisa wa ndoa alimuuliza Achille kama, kwa niaba ya Honoré, anamkubali Grâce. Akasema ndiyo. Honoré naye akasema ndiyo huku Durban, na mimi nikasema ndiyo kwa nguvu, maana sauti ya kijana ilikuwa ndogo. Sultan akaniambia, "Mzee, taratibu. Kwa sauti hiyo Bukavu watakusikia hata bila simu." Kisha Achille akachukua simu: "Kaka, kazi yako nimeifanya, na viatu vya kuazima vimenitoa malengelenge. Nitumie viatu." Honoré alicheka mpaka akakaa chini. Viatu alivinunua wiki ile ile. Viko chini ya kitanda chetu, vinangoja msafiri.

Mwezi wa nane vita vikaingia Bukavu tena. Grâce akatoka, akapanda mabasi na malori, akafika kwetu mwezi wa pili mwaka huu na picha moja ya harusi. Siku hiyo, Honoré alipotoka kununua kuku, Grâce akanieleza kando ya jiko kwamba Achille aliuawa njiani, akitoka kutafuta unga. Nilimkataza asimwambie mumewe. Kwetu msiba hausemwi na bibi harusi. Unasemwa na mkubwa wa ukoo, mtu akiwa amekaa na amekwisha kula. Grâce akasema, "Sawa, Baba. Lakini usichelewe."

Sikuchelewa. Nilikuwa natafuta siku. Kila jioni Honoré aliuliza, "Mjomba, Achille iko salama?" nami nikajibu simu za Bukavu zimekatika.

Mnamo tarehe 9 Machi, Jumanne asubuhi, polisi wawili walikuja kukagua karatasi zetu, mmoja ni huyu Sajenti. Wakaiona picha, wakauliza mwanaume aliye na Grâce ni nani. Honoré akajibu, "Ni mdogo wangu, alinisimamia." Sajenti akasema, "Sharp, sawa. Apige simu aseme hivyo. Yuko wapi?" Honoré akamgeukia mkewe: "Mama, wape namba ya Achille." Grâce akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia jiko. Sajenti akasema, "Eish, mzee, huyu anaficha mume." Wakamchukua.

Tangu siku hiyo Honoré haniulizi tena kama Achille yuko salama. Ananiuliza kama Achille na Grâce kule Bukavu walikuwa wakiishi pamoja.

Basi itazameni ile picha. Achille ameshika kofia, iko kati yake na Grâce. Ni ya Honoré, aliiacha kwa mama yake alipokimbia. Katika ukoo wetu anayesimamia hagusi mkono wa bibi harusi, hushika kitu cha bwana harusi mwenyewe katikati. Hakuna mwanaume anayeweka kofia kati yake na mke wake. Kofia ile ndiyo Honoré.

Grâce hakuficha mume. Alificha msiba, kwa amri yangu, na amenitii hata mlipomfunga pingu. Binti zangu wa kuwazaa hawakuwahi kunitii hivyo.

Nimeyasema haya bila kulazimishwa na sibadilishi hata moja. Anayeweza kunitolea ushahidi ni Sultan wa Warwick. Wa pili ni Grâce, mwambieni Baba amemfungua mdomo. Wa tatu angekuwa Achille.

Sahihi: ATHANASE

Nyongeza ya mkalimani: Shahidi amesomewa maelezo yake akayakubali. Amekataa kuweka dole gumba, ameandika jina mwenyewe. Ameomba maelezo haya yasisomwe mbele ya Honoré, aliyeko kwenye benchi hapo nje, mpaka azungumze naye kwanza. Sajenti ameruhusu. Shahidi akauliza kama Honoré amekula. Alipojibiwa kwamba bado, ameomba chai na mkate.
Verediana, mkalimani