Metali Iliyokula Kioo

Umeå, 6 Oktoba 1997

Mjomba Torsten mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na je, bado unapanda ngazi kinyume cha amri ya daktari? Mimi ni mzima, ila situlii. Chuo kimenikabidhi mimi, daktari wa kemia wa miezi minne, hotuba ya sherehe yako ya kutimiza miaka sabini. Makala mia tisa na kumi na mbili zinarejelea ugunduzi wako wa mwaka 1968, kwamba metali yako hung'oa silikoni na oksijeni katika kioo cha chupa na kujijengea daraja kati ya atomu zake. Nataka fuwele nyekundu zinazotokana na hilo ziwe mezani siku hiyo. Nimejaribu mara nne, nikapata tope la kahawia. Ni jambo gani ambalo makala yako haikulisema?

Mpwa wako,
Eskil

Härnösand, 11 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, Daktari. Goti linauma, ulimi ni mzima. Makala ilisema yote. Kasoro ni mikono. Umesoma mpaka udaktari ukasahau kuosha vyombo? Mama yako anasema unakula samaki umesimama, kitabu mkononi. Kaa chini, ule. Kisha kausha chupa, paka viungo vyake grisi kama tulivyofanya sisi, uzuie hewa. Kioo kitaliwa. Kimeliwa miaka ishirini na tisa.

Mjomba wako,
Torsten

Umeå, 2 Novemba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea afya, na nakuomba usome barua hii umekaa.

Nilikuwa nikifunga viungo vya chupa kwa vizibo vya plastiki. Nilipopaka grisi, fuwele nyekundu zilitokea siku ya tatu, nzuri kuliko picha zako. Nilifurahi kwa saa moja. Kisha nikajiuliza: kwa nini grisi? Grisi ya maabara nayo imejaa silikoni na oksijeni. Nikarudia jaribio ndani ya chombo cha chuma cha pua, bila chembe ya kioo, nikatia grisi kiasi cha punje ya shayiri. Fuwele zikaja.

Metali yako haikuwahi kula kioo, Mjomba. Ilikula grisi.

Siwezi kusimama mbele ya watu nikasifu nisichokiamini. Heshima inayodai ninyamaze ni woga uliovaa tai. Nitayachapisha matokeo. Kama nimekosea, nionyeshe mahali.

Mpwa wako,
Eskil

Umeå, 24 Novemba

Mjomba,

U mzima? Wiki tatu, kimya. Mama anasema umechomoa waya wa simu, na kwamba mimi sina haya: "Mtu aliyekununulia hadubini ukiwa na miaka tisa!" Nikamjibu kwamba aliyeninunulia hadubini alitaka nitazame. Lilikuwa jibu zuri, halikunipa usingizi. Nazunguka maabara nikiosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Makala imo ndani ya bahasha na sijaipeleka posta. Sherehe ni tarehe 13 Desemba. Nitukane basi, lakini andika.

Ningali mpwa wako,
Eskil

Härnösand, 29 Novemba

Eskil,

Mimi mzima, usimtie dada yangu wasiwasi. Nilikuwa kibandani nikipekua madaftari ya zamani. Ukurasa wa 88, Machi 1968, kuna mwandiko wa penseli wa Gunvor Sellin, fundi wetu wa maabara: "Je, si grisi?" Juu yake umepita mstari wa wino. Wino ni wangu. Nilimwambia, "Bi Gunvor, wewe osha chupa, kufikiri niachie mimi." Mwaka uliofuata alihamia kiwanda cha karatasi, Sundsvall. Sikumwandikia hata mara moja.

Jaribio lako la chombo cha chuma halina ufa. Nimeutafuta wiki tatu, tena kwa nia mbaya.

Ongeza ukurasa huo katika makala. Majina yafuatane hivi: Gunvor, wewe, kisha mimi. Usiipeleke kabla yeye hajakubali. Barua ya kumwomba nimeianza mara sita.

Mjomba wako,
Torsten

Härnösand, 9 Desemba

Mpwa wangu,

Hujambo? Goti limetulia, mimi bado. Gunvor amejibu kwa kifurushi: kopo la grisi la mwaka ule, limebaki nusu, na kikaratasi. "Nakubali. Nitakuja tarehe 13. Chupa mtaosha wenyewe."

Fuwele ziache kabatini. Mezani tutaweka kopo. Na hotuba usiipunguze makali kwa ajili yangu. Nitakaa mstari wa mbele, kando ya Bi Gunvor, akiniruhusu.

Mjomba wako,
Torsten